Siku za Mwizi Zikipita Arobaini: Somo juu ya Wajibu na Maslahi Binafsi



Somo la robo hii linahusu swali ambalo kila kamati ya mradi hukutana nalo, ingawa mara nyingi halisemwi kwa sauti kwenye kikao: kwa nini nitende haki pale ambapo haki itanigharimu, na udanganyifu hautajulikana? Wanafalsafa wamelijadili swali hili kwa zaidi ya miaka 2,300. Sisi tunalikuta dukani tunaponunua saruji, kwenye orodha ya posho za semina, na kwenye daftari la makusanyo ya maji.

Lengo la somo

Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, tunatarajia kamati iweze:
(a) kutofautisha maslahi halali ya mtu na ubinafsi;
(b) kueleza majibu makuu ambayo wanafalsafa wameyatoa, na mahali ambapo kila jibu linapungua;
(c) kukubaliana juu ya utaratibu mmoja au zaidi wa kuboresha uwajibikaji katika mradi wake.

Tunashauri somo lichukue saa moja na nusu. Mmoja asome kwa sauti, kisha kikundi kijibu maswali yaliyo mwishoni.

1. Mfano wa kujadili

Tuchukue mfano huu, ambao ni wa kutunga. Kamati ya mradi wa maji imemtuma mweka hazina wake kununua mifuko 120 ya saruji. Bajeti iliyopitishwa inaruhusu shilingi 18,000 kwa mfuko. Mwenye duka anauza kwa shilingi 16,000, lakini anasema yuko tayari kuandika 18,000 kwenye risiti. Tofauti ni shilingi 240,000.

Mweka hazina huyu si mtu mbaya. Anafanya kazi ya kujitolea, hana posho, na nauli ya kwenda benki mara nyingi hutoka mfukoni mwake. Mtoto wake amepata nafasi katika chuo cha ufundi stadi na ada haijatimia. Saruji yote itafika na tangi litajengwa. Mkaguzi ataona risiti inayolingana na bajeti, kwa maana hata risiti ya mashine hutoa kiasi kile kile ambacho mwenye duka amekiingiza. Je, mtu huyu aambiwe nini?

Mara nyingi tunamwambia: siku za mwizi ni arobaini. Lakini tuseme kweli. Sote tumewahi kuona wezi ambao siku yao ya arobaini ilifika ikapita, nao wakajenga, wakasomesha, na wakaheshimiwa. Mwandishi wa Zaburi ya 73 naye aliona hivyo, akakiri kwamba nusura miguu yake iteleze alipotazama jinsi waovu wanavyostawi. Kwa hiyo somo la uaminifu lisilokuwa na jibu kwa mwizi asiyekamatwa ni somo nusu.

2. Maslahi si dhambi

Kabla ya kuendelea tuondoe kosa moja. Kutafuta chakula cha watoto, afya, elimu na heshima si dhambi. Amri ya kumpenda jirani yenyewe inachukua kipimo chake kutoka jinsi mtu anavyojipenda. Mwaka 1726 Joseph Butler, mchungaji wa Kanisa la Anglikana ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapa mahubiri yake huko Uingereza na kufundisha kwamba kujipenda kwa busara si adui wa kuwatakia wengine mema. Alisema kwamba mara nyingi anayetenda uovu huongozwa na tamaa au hasira ya wakati ule, na kwa kuifuata huharibu hata faida yake mwenyewe. Mlevi ni mfano mzuri: hawadhuru jirani zake tu, anajidhuru na yeye.

Ubinafsi ni jambo jingine. Ni pale ambapo faida yangu inachukua nafasi ya haki ya mwenzangu, nami najua. Mweka hazina wetu ana maslahi halali, yaani ada ya mtoto. Tatizo ni kwamba njia iliyo mbele yake ya kuyapata inapita katika fedha za watu wengine.

3. Pete ya Gyges

Swali letu limeulizwa kwa nguvu sana katika kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri, kilichoandikwa Athene karne ya 4 kabla ya Kristo. Humo Glaucon, ambaye katika maisha ya kweli alikuwa ndugu yake Plato, anamsimulia Socrates hadithi ya mchungaji wa kondoo katika nchi ya Lidia, eneo ambalo leo ni magharibi mwa Uturuki. Mvua kubwa ilinyesha, ardhi ikatetemeka na kupasuka. Mchungaji akashuka katika ufa, akaona farasi wa shaba, na ndani yake maiti yenye pete ya dhahabu kidoleni. Akaichukua. Baadaye, akiwa kwenye mkutano wa wachungaji, aligeuza jiwe la pete kuelekea kiganjani na mara akawa haonekani. Alipoligeuza kurudi nje, akaonekana tena. Hakuchelewa. Alijiingiza katika ujumbe wa kupeleka taarifa za mifugo kwa mfalme, akamtongoza malkia, akamuua mfalme na kutwaa utawala.

Glaucon anauliza: kama pete kama hiyo angepewa mtu mwadilifu na nyingine mtu mwovu, je, wangetenda tofauti? Kisha anakaza swali. Tumchukue mtu mwadilifu ambaye watu wote wanadhani ni mwizi, anayeteswa mpaka kufa kwa sifa hiyo ya uongo. Tumweke karibu na mwizi ambaye watu wote wanamsifu kwa uaminifu. Nani kati yao ana maisha mema?

Ndugu msomaji, angalia kwamba risiti yenye bei ya juu ni pete ya namna hiyo. Inamfanya mtu asionekane. Orodha ya posho yenye sahihi za watu ambao hawakuhudhuria ni pete. Makusanyo ya kisima yasiyoandikwa siku hiyo hiyo ni pete. Na katika jamii zetu kuna misemo inayotumika kuibariki pete hii, kama vile mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, au mkono mtupu haulambwi.

4. Jibu la kwanza: utapata hasara

Jibu la kwanza ni lile la siku arobaini. Mwanafalsafa wa Uingereza Thomas Hobbes alilitoa katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651, baada ya nchi yake kupita katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hobbes anamtaja mpumbavu, kama yule wa Zaburi ya 14, ila huyu anasema moyoni kwamba hakuna kitu kinachoitwa haki, na kwamba kuvunja ahadi ni busara pale panapokuwa na faida. Hobbes anamjibu kwamba kila mtu anahitaji wenzake ili aishi salama. Anayevunja makubaliano anaweza kuendelea kupokelewa na wenzake kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba hawajamtambua. Mtu mwenye akili hawezi kujenga maisha yake juu ya matumaini kwamba wengine watazidi kukosea.

Jibu hili lina nguvu, na kamati zisilidharau. Mradi wa maji unategemea watu kuchangia, na hakuna kinachokausha michango kama minong'ono juu ya mweka hazina. Akipoteza jina lake, hapotezi shilingi 240,000 tu. Anapoteza mkopo wa kikundi, dhamana ya majirani, na nafasi ya kusikilizwa.

Lakini mwaka 1751 David Hume wa Uskochi alionyesha udhaifu wa jibu hili. Alimweka mbele yetu mlaghai mwenye akili. Mlaghai huyu anakubali kwamba uaminifu kwa kawaida ni sera nzuri, na kwa kawaida anaufuata. Anachagua tu nafasi chache ambazo hatari ni ndogo na faida ni kubwa. Mweka hazina wetu akifanya hivyo mara moja katika miaka mitano, nani atamjua? Hume alikiri kwamba kama moyo wa mtu huyo haumkatazi, ni vigumu kupata hoja ya kumshawishi. Aliongeza tu kwamba mtu kama huyo ndiye anayedanganyika kuliko wote, kwa kuwa anauza amani ya dhamiri ili anunue vitu visivyo na thamani.

5. Jibu la pili: unajiharibu mwenyewe

Maneno hayo ya Hume yanatukaribisha kwenye jibu la Socrates katika Jamhuri. Socrates hasemi kwamba mwizi atakamatwa. Anasema nafsi ya mtu ina sehemu tatu: akili, ushupavu na tamaa. Mwenye haki ni yule ambaye sehemu hizi zinapatana chini ya uongozi wa akili. Anafananisha tamaa na mnyama wa vichwa vingi anayeishi ndani yetu. Kila tendo la dhuluma linamlisha mnyama huyo na kumnyima chakula mtu wa ndani. Mwishoni anayeamrisha ni mnyama. Ndiyo maana, kwa Socrates, mtawala dhalimu aliyefanikiwa kabisa ndiye mtumwa kuliko watu wote.

Wale waliokaa katika kamati kwa muda mrefu wanaujua ukweli wa jambo hili. Aliyeandika risiti ya kwanza ya uongo analazimika kuilinda. Anaanza kuogopa mkutano, kumchukia mjumbe anayeuliza maswali, na kumkwepa mwenye duka anayeijua siri yake.

Hata hivyo jibu hili nalo halifungi mlango wote. Wapo watu ambao mnyama wao ameshiba naye amelala, na wao wanalala usingizi mzuri. Tena ukisema “usiibe, utaharibu nafsi yako”, bado unamwelekeza mtu ajitazame yeye. Mama anayetembea kilomita nyingi kwa sababu fedha ya bomba lake imeliwa hajatajwa bado.

6. Jibu la tatu: haki ni haki

Immanuel Kant alizaliwa mwaka 1724 katika mji wa Königsberg, Prussia, na wazazi wake walikuwa Walutheri wa uamsho. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili alitoa mfano wa mwenye duka. Mwenye duka huyu hamuuzii mteja asiyejua bei kwa bei ya kulangua. Mtoto akija peke yake anauziwa kama mtu mzima. Je, huyu ni mwaminifu? Kant anasema hatuwezi kujua kwa kutazama tendo tu. Huenda anafanya hivyo kwa sababu ni haki, na huenda anafanya hivyo kwa sababu sifa nzuri huleta wateja. Kama ni kwa ajili ya wateja peke yake, tendo lake linalingana na wajibu, lakini halitokani na wajibu. Siku ambayo faida itahamia upande mwingine, naye atahama.

Hapa ndipo penye funzo kubwa kwa wanaofundisha kamati. Tukiwafundisha watu kwamba uaminifu hulipa, na tukaishia hapo, tumewafundisha kufuata malipo. Siku uaminifu usipolipa, hawatakuwa na sababu ya kubaki. Kant anataka mweka hazina ajiulize swali jingine kabisa: je, ningeweza kutaka kila mweka hazina katika kila usharika afanye hivi? Haiwezekani. Risiti ya uongo inafanya kazi kwa sababu watu bado wanaziamini risiti. Anayeitumia anakula matunda ya uaminifu wa wengine huku yeye mwenyewe akijitoa katika kazi ya kuutunza.

7. Profesa aliyelipa gharama

Katika karne ya 19 aliyeuchunguza mgongano huu kwa uangalifu mkubwa alikuwa Henry Sidgwick, mwalimu wa Trinity College, Cambridge. Wakati ule aliyeshika nafasi yake chuoni alitakiwa kukiri Ibara 39 za imani ya Kanisa la Uingereza. Wengi walikiri kwa midomo na mambo yakaisha. Sidgwick alifikia mahali ambapo dhamiri yake haikuweza tena kuzikiri zote, na mwaka 1869 alijiuzulu nafasi hiyo pamoja na manufaa yake. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya Bunge mwaka 1871.

Mwaka 1874 alitoa kitabu chake kikubwa, Mbinu za Maadili. Alikubali kwamba ni busara mtu kutafuta mema yake mwenyewe, na kwamba ni busara pia kutafuta mema ya wote. Lakini akili peke yake, alisema, haiwezi kuthibitisha kwamba njia hizo mbili zitapatana daima. Zingepatana kwa hakika kama ulimwengu unatawaliwa kwa haki na Mungu, ila yeye alikataa kuliweka hilo kama hoja iliyothibitishwa kwa sababu tu falsafa yake ililihitaji.

Tunamtaja Sidgwick kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa mkweli kuliko wahubiri wengi wanaosema gharama haipo. Pili, yeye aliyeshindwa kuthibitisha kwamba haki hulipa, alitenda haki na kulipia gharama mwenyewe. Wakristo tunaweza kutofautiana naye kwa mambo mengi ya imani, na bado tukajifunza kwake.

8. Imani yetu inasema nini

Biblia haifichi gharama. Yusufu alikuwa katika nyumba isiyo na shahidi, akakataa, akaishia gerezani (Mwanzo 39). Zaburi ya 15 inamsifu mtu anayetimiza kiapo chake hata kikimletea hasara. Na Injili ya Yohana inatukumbusha kwamba aliyeshika mfuko wa wanafunzi wa Bwana alikuwa mwizi (Yohana 12:6). Kuwa karibu na Yesu kila siku hakukumzuia.

Martin Luther, katika mafundisho yake juu ya Waraka kwa Warumi ya mwaka 1515 hadi 1516, alimweleza mwanadamu mwenye dhambi kama mtu aliyejipinda kujielekea mwenyewe. Hata mambo ya Mungu anayatumia kwa faida yake. Jambo hili linagusa moja kwa moja mahubiri ya siku hizi yanayosema toa ili uongezewe. Anayekuwa mwaminifu ili tu apewe gari, au hata ili tu apewe mbingu, bado anafanya biashara. Amehamisha soko lake tu.

Katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, Luther anaonyesha njia nyingine. Kwa imani Mkristo amekwisha kupewa kila kitu katika Kristo, bure. Hana tena haja ya kununua kibali cha Mungu kwa matendo. Kwa hiyo mikono yake iko huru kumtumikia jirani, kwa sababu tu jirani ana shida. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, maelezo ya amri ya saba hayaishii kwenye kutochukua cha mwenzetu. Yanatutaka tumsaidie jirani mali yake na riziki yake viongezeke na kulindwa.

Sasa mweka hazina wetu anasikia swali lililo tofauti. Ameambiwa kwamba zile shilingi 240,000 zina mwenyewe. Zingeweza kununua mabomba ya kufikisha maji karibu zaidi na kaya za mwisho wa kijiji. Mwenyewe huyo haonekani dukani, lakini ndiye jirani.

9. Kamati ifanye nini

Wengine wanaweza kusema: basi tuchague watu waliookoka, inatosha. Haitoshi. Luther alifundisha kwamba aaminiye ni mwenye haki na ni mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tunahitaji mambo mawili kwa pamoja: utaratibu unaopunguza mgongano kati ya wajibu na maslahi, na watu watakaosimama pale ambapo utaratibu haufiki.

Juu ya utaratibu, Biblia iko wazi. Katika 2 Wafalme 12 kuhani Yehoyada alitoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku la sadaka, na fedha zilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja. Wapo wanaopenda kutaja mstari wa 15, usemao kwamba wasimamizi wa ujenzi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Tuwaombe wasome pia mistari ya 4 hadi 8. Sanduku lile liliwekwa kwa sababu makuhani walikuwa wamepokea fedha kwa miaka mingi na nyumba haikutengenezwa. Mtume Paulo naye, alipopeleka mchango kwa ajili ya Yerusalemu, alihakikisha haubebi peke yake, ili asilaumiwe na mtu, naye alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia (2 Wakorintho 8:18-21). Ikiwa Paulo hakuona kudhalilika kwa kuandamana na mashahidi, hakuna mweka hazina anayepaswa kununa anapoombwa daftari.

Taifa letu nalo lina kumbukumbu ya jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari, asiwe mkurugenzi wake, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, na hadi leo watu wanabishana juu yake. Wazo lililokuwa ndani yake lilikuwa rahisi: usimweke mtu mahali ambapo kila siku mfuko wake unavutana na wajibu wake.

Elinor Ostrom, mtaalamu wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza maji, misitu na malisho ya pamoja kwa vizazi vingi. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alionyesha kwamba jamii zilizofanikiwa zilikuwa na mambo yanayofanana: watumiaji walishiriki kutunga kanuni, walisimamiana wenyewe, na adhabu zilianza ndogo kisha zikapanda. Valencia, Hispania, mahakama ya wakulima inayosikiliza migogoro ya maji ya mifereji hukaa kila Alhamisi mlangoni pa kanisa kuu, mbele ya watu wote. Na hatuhitaji kwenda mbali. Mifereji ya asili ya Kilimanjaro iliendeshwa kwa namna hiyo, na asiyefika kwenye kazi ya kusafisha mfereji alitozwa faini.

Kutokana na hayo tunapendekeza:
- Bei itafutwe katika maduka matatu na watu wawili, na anayelipa asiwe ndiye aliyetafuta bei.
- Mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, pamoja na bei ya kila kitu. Fundi aliyeketi nyuma anaijua bei ya saruji kuliko mkaguzi.
- Mjumbe mwenye undugu au biashara na muuzaji aseme mapema na atoke kwenye uamuzi.
- Nauli na gharama halali za wanaojitolea zirudishwe kwa utaratibu unaojulikana. Mali bila daftari huisha bila habari, na mtumishi bila nauli hujaribiwa kila safari.
- Mwanakamati mwenye shida ya ada au ugonjwa awe na mahali pa kuisema bila aibu, iwe kwa mchungaji au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa.

10. Neno kwa wafadhili wetu

Marafiki zetu wafadhili, tunawashukuru kwa moyo wote. Tunaomba nanyi mjipime kwa somo hili, kwa sababu maslahi hayako kijijini peke yake. Mfadhili naye anahitaji ripoti nzuri kwa ajili ya waumini na bodi yake. Kamati inayorudisha shilingi 240,000 na mwaka unaofuata ikapunguziwa bajeti kwa sababu “haikuzihitaji”, imeadhibiwa kwa kusema kweli. Kamati inayoandika kwamba pampu imeharibika na fedha ikasimamishwa bila mazungumzo, imefundishwa kunyamaza safari ijayo.

Hatuombi kulegezewa ukaguzi. Tunaomba fedha iliyookolewa iruhusiwe kutumika katika mradi ule ule kwa makubaliano ya maandishi, habari mbaya iliyoletwa mapema ipokelewe kwa maswali kabla ya adhabu, na gharama ndogo za wanaojitolea zitambuliwe katika bajeti.

Hitimisho

Je, uaminifu hulipa? Mara nyingi, ndiyo, na kamati nzuri huongeza idadi ya siku ambazo unalipa. Lakini siku itakuja ambapo hautalipa, hakuna atakayeona, na siku ya arobaini haitafika. Siku hiyo ratiba ya ukaguzi haitamsaidia mweka hazina aliyesimama dukani. Kitakachomsaidia ni kama amekwisha kuamua kwamba fedha ile ni ya jirani yake, na kwamba yeye mwenyewe tayari ana Bwana. Tuwajengee watumishi wetu taratibu zinazowalinda, na tuwaambie kweli juu ya gharama. Anayeambiwa gharama mapema hujiandaa kuilipa.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mradi wetu, “pete” iko wapi? Tajeni mahali pawili ambapo mtu anaweza kutenda asionekane, bila kutaja jina la mtu.
2. Kati ya majibu matatu ya wanafalsafa, lipi linatumika zaidi katika mahubiri na semina zetu? Linapungua wapi?
3. Someni 2 Wafalme 12:4-15. Kwa nini fedha za sanduku zilihesabiwa na watu wawili, na wasimamizi wa ujenzi wakaaminiwa? Mradi wetu unafanana na sehemu ipi?
4. Mweka hazina wa mfano wetu akikataa risiti ya uongo, na ada ya mtoto ikabaki haijalipwa, usharika una wajibu gani kwake?
5. Kamati yetu ichague pendekezo moja katika sehemu ya 9. Nani atalisimamia, na tutalipima lini?

Tunaomba kila kamati iandike kwa kifupi majibu ya swali la 5 na kuyatuma ofisi ya miradi ya dayosisi kupitia kwa mchungaji wa usharika. Mungu awabariki katika utumishi wenu.